Haravodi Tuliyoifunga Zarechye

Wenzangu wa Chanika ya Handeni na wa Manundu ya Korogwe, kile kipande cha video mnachotumiana kwenye simu nami nimekiona. Mama Daudi ananyoosha fimbo hewani, kuna mama mwenye kipaza sauti anafoka, mimi nimeshikana mikono na bibi mmoja wa Kizungu, halafu kinakatika. Kwa hicho tu mmeshaamua kwamba tulifukuzwa Urusi. Yuko aliyesema tulilala polisi. Yuko aliyeniuliza dukani kwangu, mbele ya mteja aliyekuja kupima gauni, kama ni kweli nilivua viatu hadharani. Basi kaeni niwaeleze. Viatu nilivua, hilo kweli. Mengine sikilizeni.

Kwa msiomjua, Mama Daudi ni yule bibi wa Kirusi wa Manundu anayekijua Kishambaa kuliko wajukuu zake. Aliletwa Korogwe angali msichana na marehemu mumewe, bwana shamba, ambaye alikwenda kusoma huko kwao. Mimi kabla sijaolewa Handeni nilikulia jirani yake. Jioni alikuwa akitukusanya wasichana uani, tunashikana mikono, tunazunguka polepole huku tukiimba maneno tusiyoyaelewa. Yeye aliiita horovod, ngoma ya duara ya kijijini kwao. Midomo yetu ikasema haravodi.

Tulipokua tukaenda nayo kwenye harusi. Maneno yakageuka Kizigua, ngoma ikaingia, njuga zikaingia, mabega nayo yakaanza kusema. Hata duara lenyewe likageuka: yeye alitufundisha kuzunguka kwa kushoto, sisi miguu ikatupeleka kulia. Kila akituona alikuja juu. "Siyo hivyo! Fuateni jua!" Wenzangu walikuwa wakicheka na kuinamisha vichwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimjibu.

Mwaka huu tukapeleka kikundi Korogwe kwenye tamasha la ngoma za asili. Mratibu alitutazama mpaka mwisho, akapiga makofi, kisha akatuondoa. "Akina mama, mnapendeza," alisema, "lakini hii si ngoma ya hapa. Hii ni ya Warusi."

Mama Daudi alikuwa amekaa mbele na fimbo yake. Akasimama. "Ya Warusi?" alisema. "Mimi huwaambia kila siku kwamba wameiharibu, wewe unasema ni ya Warusi. Basi nakwenda kuwauliza Warusi wenyewe."

Watu walidhani ni hasira za uzee. Alikwenda.

CHANIKA HADI MANUNDU

Tiketi na makaratasi alihangaika nayo Daudi, mwanawe aliyeko Dar es Salaam, kwa hiyo hayo nayaruka. Kazini hakupewa ruhusa ya kusafiri, na mama yake magoti yanamsumbua, hawezi kwenda peke yake. Ndipo akanipigia simu Mama Daudi mwenyewe.

"Mwanaidi, unakwenda na mimi."

"Mama, mbona wapo wasiobishana na wewe?"

"Hao watalala njiani. Njia ni ndefu, nataka mtu wa kugombana naye."

Mume wangu alifikiri, akauliza huko kuna baridi kiasi gani, akaninunulia soksi za mpira wa miguu. Nilifunga duka, nikapakia magauni mawili ya kitenge niliyoshona mwenyewe, njuga zangu, na unga wa muhogo wa kusongea bada, ugali wetu, maana sikujua watu wa huko wanakula nini. Nilipofika Manundu nilimkuta Mama Daudi amekaa juu ya sanduku lake mlangoni, kama mtu anayelilinda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa."

Sikuwa nimechelewa. Ugomvi wa kwanza ukaanzia hapo.

MANUNDU HADI DAR ES SALAAM

Basi letu lilikuwa linatoka Arusha, na lilipofika Korogwe lilikuwa limeshachelewa mpaka abiria wameacha hata kulalamika. Tulingoja stendi asubuhi yote. Habari zilikuwa zimeenea. Muuza machungwa mmoja aliyelelewa kwenye makambi ya mkonge, babu yake alikuja na manamba, vibarua wa mkataba, kutoka mbali, alitumenyea machungwa akakataa malipo.

"Mimi hata sijui kijiji cha babu kilipo," alimwambia Mama Daudi. "Ukifika kwenu, kanyaga chini kwa nguvu, kwa ajili yangu pia."

Mama Daudi alimshika kichwa kama anambariki. Nikagundua anaogopa. Njia nzima mpaka Dar hakugombana na mtu, na hilo lilinitia wasiwasi kuliko ndege.

MOSCOW

Ndegeni nilikula kila nilichopewa, pamoja na kitu ambacho baadaye nilielezwa kuwa ni siagi. Tulibadilisha ndege kwenye nchi ya jangwa ambayo sikuiona zaidi ya vioo vyake, kisha tukashuka Moscow.

Pale uwanjani mashine ilizipigia kelele njuga zangu. Kijana wa forodha akafungua mfuko, akazitoa, akazitikisa, wenzake wakageuka. Akaniuliza kitu. Mimi nikamwonyesha mguu. Akarudi nyuma hatua moja, sijui alidhani nataka kumpiga teke.

Mama Daudi akaingia kati. Sikuwa nimewahi kumsikia akisema Kirusi kwa mtu mwingine. Kwangu kilikuwa lugha ya nyimbo tu. Alisema maneno mengi kwa mfululizo, fimbo ikipiga sakafu. Yule kijana alimtazama kwa mshangao, kisha akatabasamu, akasema jambo, akarudisha njuga mfukoni kwa adabu kabisa.

"Amesema nini?" nikamuuliza tulipotoka.

Hakunijibu mpaka tumekaa kwenye teksi. "Amesema naongea kama bibi yake. Kuna neno nimelitumia, anasema hajalisikia tangu bibi yake afe." Akatazama majumba nje. "Kwani siku hizi wanasemaje?"

TRENI YA KASKAZINI

Kwao Mama Daudi ni kijiji cha Zarechye, mbele ya mji wa Vologda, kaskazini. Treni ina vitanda, na mwisho wa behewa kuna birika kubwa la maji ya moto ambalo halipoi safari nzima. Mhudumu analeta chai kwenye bilauri iliyovalishwa chuma chenye mkono. Chai nzuri, bila maziwa, lakini nzuri.

Tulikaa na msichana mwalimu, jina lake Dasha. Hakuuliza maswali, alianza kwa kutandaza chakula: viazi vya kuchemsha vilivyonyunyiziwa majani membamba kama manyoya, matango, mayai, mkate mweusi wenye uchachu. Soseji nilimrudishia, Mama Daudi akamweleza mimi ni Mwislamu, naye akaifunga upesi akaiweka juu kabisa ya rafu, kana kwamba inaweza kunirukia.

Mimi kwa adabu ya kwetu nikamwita Da Dasha. Nikisema "Da Dasha," ananiongezea kiazi. Nikisema "Da Dasha, inatosha," ananiongezea viwili. Nilikula mpaka machozi. Mama Daudi alikuwa amejifunika kanga usoni, mabega yanatikisika, ndipo akanieleza kwamba kwa Kirusi "da" ni "ndiyo".

Dasha aliposikia tunakwenda Zarechye kwa ajili ya horovod, aliruka. Kumbe huko mjini kwao yeye na wenzake wana jioni yao, wanakusanyika ukumbini kucheza hizo hizo. Akatoa simu kutuonyesha. Niliona vijana wengi sana, wavulana kwa wasichana, wamevaa jinzi na raba, wanazunguka, wengine wanacheka, mmoja ana mtoto begani.

Mama Daudi aliisogeza simu karibu na macho. "Suruali?" akasema kwa Kiswahili, kisha kwa Kirusi. "Suruali kwenye horovod?"

Dasha hakukasirika. Alisema hatua wamejifunza kwa mabibi wa vijijini, waliwafuata na kuwarekodi mmoja mmoja kabla hawajafa. Nguo ndizo hawakuweza kuzirekodi. Kisha akamuuliza, "Na wewe bibi, huko Afrika ulifundisha wakiwa wamevaa nini?"

"Kanga," akajibu Mama Daudi, akamrudishia simu yake.

Baadaye Dasha alinishika mkono akanipeleka kwenye ujia wa behewa kunionyesha ile horovod inayokwenda kama nyoka, maana pale duara halienei. Tukajipinda kupita watu na vikombe vyao, nyuma yetu akaungana mzee mmoja mwenye soksi bila viatu, mpaka mhudumu akatokea na kutukaripia. Lugha sikuielewa, lakini sauti ile ni ya mtu yeyote anayesimamia mali ya umma.

GARI LA MIKATE

Tuliposhuka mjini tulitakiwa kupanda basi la kwenda Zarechye. Halikuja. Tulikaa kwenye kibanda cha kituo, watu wakaja, wakaangalia barabara, wakaondoka. Mama mmoja alituambia ni sababu ya sikukuu yao ya kiangazi, dereva amepumzika. Mwingine akasema hapana, hilo basi lilifutwa. Wakabishana, tena kwa raha kabisa, kisha wote wawili wakaenda zao wakatuacha palepale.

Aliyetuokoa ni Kolya, dereva wa gari la mikate, mtu mnene mwenye masharubu mekundu. Alisimama kunishangaa mimi, niliyejifunga kanga mbili kwenye kibanda cha basi, akaishia kutupakia. Mama Daudi alikaa mbele. Mimi nilikaa nyuma kati ya makreti, nikanusa mkate wa moto kilomita zote, nikasema moyoni kama ningekufa siku ile ningekufa vizuri.

Zarechye maana yake ni ng'ambo ya mto. Nyumba zake ni za magogo, nyingine zimepakwa rangi ya buluu dirishani, nyingine zimeanguka na majani yameingia mpaka ndani. Mama Daudi alimwambia Kolya asimame mara tatu, kila mara mbele ya nyumba iliyoanguka. Hakushuka. Alikuwa akitaja majina tu.

NYUMBANI KWA NYURA

Nyura ni mdogo wake, amebaki yeye peke yake. Alitoka mlangoni akifuta mikono kwenye aproni, mrefu, mkavu, macho yaleyale ya Mama Daudi. Alimtazama dada yake tangu kichwani mpaka kwenye viatu. Kisha akanikumbatia mimi.

Dada yake hakumgusa. Kisa nilikuja kukijua: mama yao alipofariki, Mama Daudi hakwenda kumzika. Daudi alikuwa mchanga, mume yuko kwenye homa, na zama zile safari ya Urusi haikuwa ya kununua tiketi tu. Nyura alizika peke yake, na akaapa kutosema na dada yake.

Na kiapo alikishika. Mezani alinigeukia mimi, nisiyejua hata neno, akasema Kirusi kirefu. Mimi nikamgeukia Mama Daudi. Mama Daudi naye akanijibu mimi, kwa Kiswahili: "Mwambie supu yake imekosa chumvi." Nikamgeukia Nyura, nikatabasamu. Ilikuwa supu baridi, jamani, ya matango na viazi iliyomiminiwa kinywaji kichachu kinachotengenezwa kwa mkate. Niliisukuma kooni kwa adabu tu. Siku hiyo nilikuwa posta kati ya watu wawili waliokuwa wanaelewana kila neno. Jioni niliwapikia bada. Nyura alilionja, akafikiri, akalitia siagi na sukari, akamaliza sufuria.

Jua la huko mwezi wa sita linazama shingo upande, na giza lenyewe halikamiliki. Nilishindwa kujua Isha inaingia lini, nikaamua kuswali kwa saa ya Handeni.

Kesho yake nilikaa uani namenya viazi, pembeni ya nguzo ya kisima. Nikaona kivuli cha nguzo kinatembea, na kuna kitu hakikukaa sawa. Mbele ya duka langu Chanika kuna nguzo ya turubai. Miezi kama hiyo kivuli chake nakijua, maana ndiko ninakohamishia cherehani. Hiki kilikuwa kinakwenda upande mwingine. Nikainua macho: jua lao linapita kusini. Letu majira hayo linapita kaskazini. Nikasimama, nikaielekea ile nguzo na kuizunguka huku nimeshika kiazi, nikilifuata jua kama linavyokwenda kwetu. Miguu ilinipeleka kulia.

Nikamwita Mama Daudi, nikamwonyesha. Alikifuata kivuli kwa ncha ya fimbo yake.

"Miaka yote hiyo," alisema, "nawaambia mfuate jua."

"Na sisi tulikuwa tunalifuata, mama. Lile la Korogwe."

Aligonga fimbo chini. "Usiwaambie wenzako."

Nawaambia sasa.

NUSU MWEZI

Jioni ile tulikwenda kuwatazama Nyura na kikundi chake cha ngoma wakifanya mazoezi kwenye nyumba ya utamaduni, ukumbi wa kijiji. Msimamizi ni Bi Larisa, mama wa mjini, nadhifu, anayependa kazi yake. Sitaki kumsema vibaya kuliko inavyostahili. Wanawake walipanda jukwaani, wazee kwa wasichana wachache wa shule, wamevaa magauni mekundu ya sare na mataji marefu. Muziki ulitoka kwenye spika. Sauti za kuimba nazo zilitoka kwenye spika. Wao walifungua midomo tu. Na hawakuzunguka. Walisimama nusu mwezi, nyuso kwa viti vya watazamaji, wakateleza kushoto, wakateleza kulia, wakainama.

Mama Daudi alishindwa kuvumilia. "Duara liko wapi?" alipaza sauti. "Mmelikata duara!"

Bi Larisa akaja kwa upole. Alifurahi kumjua, akafurahi zaidi kuniona mimi. Akasema ameshatutafutia nafasi kwenye ratiba ya sikukuu: "Salamu kutoka Afrika". Akaleta kitambaa cha madoa ya chui na ngoma ya plastiki.

Mimi ni fundi, nguo naijua. Nilikishika kile kitambaa, nikakikunja vizuri, nikamrudishia. "Mama, mwambie nimekuja kucheza haravodi. Na nguo yangu nimeshona mwenyewe."

Mama Daudi akatafsiri. Bi Larisa akaomba tumwonyeshe. Tukamwonyesha, mimi na Mama Daudi, na njuga zangu, kulia kama tunavyokwenda. Alitazama mpaka mwisho, akapiga makofi. Kisha akasema inapendeza, lakini hii si ngoma ya hapa. Hii ni ya Waafrika.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Bi Larisa alidhani nimeumia.

Nyumbani Mama Daudi hakucheka. Alianza kufoka mezani kwamba wameuza ngoma ya mama yao, wameigeuza picha ya kalenda. Nyura alikuwa amempa mgongo, anaosha vyombo. Akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu tufike akasema na dada yake moja kwa moja. Aliyosema alinitafsiria Mama Daudi usiku huohuo.

"Ulipoondoka tulikuwa wengi. Halafu shamba la ushirika likafa, wasichana wakaenda mjini, wakubwa wakaenda makaburini. Ikafika sikukuu tukasimama watano uwanjani. Watano hawafungi duara. Wanafanana na watu wanaotafuta kitu kilichodondoka. Tukasimama nusu mwezi, upande wa pili tukawaachia watakaorudi. Larisa amekuja juzi, alikuta nusu mwezi, akaupandisha jukwaani. Sisi ndio tuliolikata, siyo yeye. Wewe ungefunga na nani?"

Mama Daudi aliondoka mezani akaenda kulala. Nilimsikia chumbani akigeuka huku na huku mpaka nikapitiwa na usingizi.

UKINGONI MWA MTO

Siku ya sikukuu walifunga utepe kwenye miti yao yenye magome meupe, wakajenga jukwaa kwenye majani kando ya mto. Watu walikuja kutoka vijiji vya jirani. Kolya alifungua milango ya gari lake akawa anauza mikate yenye kabichi ndani.

Bi Larisa alikuwa ametuweka kwenye viti vya wageni. Nilivaa kitenge changu cha kijani, njuga nikazifunga nikazifunika na gauni. Nusu mwezi wa kina Nyura ukapanda jukwaani, spika ikaanza kuimba.

Mama Daudi akasimama. Nilidhani anatafuta choo. Alikwenda na fimbo yake mpaka chini ya jukwaa, akaita, "Nyura!"

Nyura aliendelea kufungua mdomo bila sauti.

"Nyura! Umeniuliza ningefunga na nani." Akageuza fimbo kwa watu wote waliokaa, akaizungusha taratibu, tangu viti vya mbele mpaka kwenye gari la mikate. "Na hawa!"

Hapo ndipo Bi Larisa aliposhika kipaza sauti. Alisema bibi arudi kwenye kiti. Alisema wachezaji wasiondoke jukwaani. Alisema kuna viongozi wamekaa mbele. Na mjinga mmoja alikuwa ameshaanza kurekodi mnachokiona ninyi.

Nyura alivua taji lake refu, akamkabidhi msichana aliyekuwa pembeni yake, akashuka ngazi. Alisimama mbele ya dada yake. Mkono mmoja wa Mama Daudi ulikuwa na fimbo, mwingine uko wazi. Nyura hakuushika ule uliokuwa wazi. Alichukua kwanza fimbo, akaichomeka ardhini, ndipo akashika mikono yote miwili.

Mimi nikavua viatu. Kwenye majani yale huwezi kucheza na viatu vya Dar. Nikaenda.

Wanawake wengine wakaanza kushuka, mmoja mmoja, wakishika magauni yasichafuke. Kisha Kolya, unga mpaka kwenye masharubu. Kisha watoto, kisha mama aliyetuambia basi limefutwa. Spika ikaimba yake, wao wakaimba yao, kwa sauti zao, nyembamba na za kukwaruza, na njuga zangu zikashika mapigo. Mwanzoni ilikuwa fujo. Wao wanavuta kushoto, mimi mguu unakwenda kulia. Nilimgonga Kolya tukakaribia kuanguka. Mama Daudi akapiga kelele, "Kushoto kwanza! Hili ni jua lao!" Tukaenda kushoto. Walipomaliza wimbo, Nyura mwenyewe akanitazama, akapiga mguu chini, akageuza duara zima kulia.

Bi Larisa alizima spika. Alidhani tutasimama. Wenzangu, bila spika ndipo ngoma ilipoanza.

Hatukufukuzwa na polisi hatukuwaona. Kiongozi mmoja wa viti vya mbele alitutazama mpaka mwisho huku amekunja mikono, mwingine aliingia duarani. Tulipotawanyika Bi Larisa alikuja, uso mwekundu, akamwambia Mama Daudi, "Mmeharibu ratiba yangu."

"Tumeiharibu vizuri," alijibu Mama Daudi.

Lakini msidhani haikuwa na gharama. Siku ya pili yake Nyura aliambiwa arudishe gauni, kwenye kikundi hatakiwi tena. Alilikunja pamoja na matope yake ya pindoni akalipeleka mwenyewe. Aliporudi alikaa kitandani akawa anatazama msumari lilipokuwa likining'inia. Alikuwa kwenye kile kikundi maisha yake yote.

KURUDI

Siku ya kuondoka, Nyura alimwambia dada yake abaki. Alisema nyumba ipo, jiko la kuni lipo, kaburi la mama lipo juu kilimani. Umri umekwenda, utarudi kufanya nini kwa watu wasio wako?

Mama Daudi alivaa koti lake polepole. "Nyumba yangu iko Manundu," alisema. "Na kaburi langu liko Mpale, kijijini kwa mume wangu, ubavuni kwake. Nimeshaonyeshwa mahali. Kwa mama nimekwenda jana, tumezungumza, tumemaliza. Wewe njoo kwangu."

Nyura aliingia ndani akafunga mlango. Kolya alipiga honi, tukangoja, akapiga tena. Hakutoka. Mama Daudi alilia kutoka pale mpaka mjini, kwenye kiti cha mbele, bila kujificha, na Kolya naye akawa anafuta masharubu kwa mkono wa shati.

Hivyo ndivyo tulivyorudi. Wanawake wa Manundu walimpokea stendi kwa vigelegele, na kabla hajanywa maji wakamuuliza: haya, Warusi wamesemaje? Ngoma ni ya nani? Akasema, "Wamesema si yao. Korogwe wamesema si yenu. Basi haina mwenyewe wa kutukataza." Mwakani tunarudi pale kwenye tamasha. Mratibu akituondoa, tutacheza getini.

Wiki iliyopita nilimsindikiza Mpale kupalilia kaburi la marehemu. Tulikuwa uani kwa wifi yake tunachambua maharage, sisi watatu na binti wa wifi, simu ikaita. Alikuwa Kolya, kwa video. Nyuma yake niliona ule mto, na Nyura kwenye majani, amevaa gauni la kawaida la nyumbani, na wanawake kadhaa, na watu wengine nisiowajua, wameshikana mikono. Kati ya Nyura na jirani yake palikuwa na pengo.

Nyura hakutusalimia. Alimkaripia Kolya, na safari hii hata mimi nilielewa: aweke simu chini aje. Kolya akailaza kwenye majani. Baada ya hapo hatukuona mtu. Tuliona anga tu, jeupe, na ncha za majani, tukasikia miguu ikianza, na sauti ya Nyura mbele ya nyingine.

Mama Daudi alisikiliza huku maharage yakimtoka vidoleni. Kisha akaiweka simu juu ya ungo, akasimama kwa kuniegemea, akaninyooshea mimi mkono mmoja na wifi yake mkono mwingine. Binti akaja upande wa pili.

Tulikuwa wanne tu. Tukafunga.